Rakhma na Reli Yenye Mafuta

Kila alasiri Rakhma aliwaacha mbuzi wake wakitafuna vichaka, akaenda kusimama chini ya mlima kungoja treni. Ilikuwa treni ndogo, nyembamba kama mjusi. Wazungu walioijenga ili kubeba pamba hawakutaka gharama ya kuchonga mlima, basi reli zake finyu waliuzungushia mlima kama kamba kiunoni. Ikifika pale ilipanda kwa kuhema, nao watoto walishindana nayo mpaka kwenye mkwaju ulioota juu.

Rakhma alikuwa na miaka kumi na miwili, mwenye mbio kuliko wavulana wote wa kijiji. Hata hivyo treni ilimshinda kila siku, kwa hatua chache tu.

"Umeshindwa tena na sufuria lenye magurudumu," binamu yake Sopan alimtania.

"Kesho utaniona."

"Kesho ni arusi ya dada yako. Utakuwa jikoni unakanda unga."

"Nitatoroka kidogo."

Baba yake Rakhma, mzee Dagdu, alikuwa mkamuaji wa mafuta. Siku ya arusi Rakhma alichota mafuta ya mbarika kwenye chungu cha baba, akakimbia maili tatu hadi mlimani, akazipaka reli zote mbili kwa kitambaa, kuanzia jiwe jeupe la chini, walipoanzia mbio, hadi kwenye mkwaju. Hakuona ubaya wowote. Treni ingechelewa kidogo, naye angeshinda. Bwana arusi na watu wake walikuwa wanakuja kwa magari ya ng'ombe, kwa njia ya mtoni.

Treni ilikuja. Ilipofika kwenye jiwe jeupe, magurudumu yakazunguka pale pale, yakipiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Rakhma alipita mbio, akaugusa mkwaju.

"Nimeshinda!"

Lakini Sopan, aliyekuja kutazama mbio, hakuwa akimtazama. Kutoka mabehewani ilisikika ngoma na zumari. Dirishani alikuwa ameketi kijana mnene, shanga za arusi zikining'inia usoni.

"Yule si shemeji?" Sopan aliuliza.

Ndiye. Ng'ombe mmoja alikuwa amevunjika kwato, ndipo wakapanda treni. Kule nyumbani kuhani alikuwa ameweka kibakuli cha shaba chenye tundu kielee katika beseni, maji yakiingia polepole. Kingezama jua likigusa kilima, na hiyo ndiyo saa ya heri. Saa hiyo ikipita, dada yake angengoja miezi minne, mpaka mvua ziishe.

"Tutembee basi," mgeni mmoja alisema.

"Bwana arusi aliyekwisha kupakwa manjano hakanyagi vumbi la njia," alijibu nyanya wa bwana arusi. "Kwetu haijapata kutokea."

"Tumbebe, Nyanya?"

"Mtazame vizuri kwanza. Ng'ombe wawili wamemshindwa, utamweza wewe?"

Watu walicheka, na bwana arusi akacheka kuliko wote. Fundi Kasam, dereva wa treni, hakucheka. Alipitisha kidole kwenye reli, akakinusa, kisha akamgeukia Sadu, mchochea moto wake.

"Kopo lako la mafuta limevuja tena?"

"Halijavuja, fundi. Naapa."

"Mafuta yameshuka mbinguni? Kesho utajieleza ofisini, na safari hii watakufukuza. Sasa turudi stesheni tukachukue mchanga wa kumwaga relini. Tutafika giza limeingia."

Sadu aliinamisha kichwa. Rakhma alimtazama, akalitazama jua. Akisema, wakwe wangejua kwamba mdogo wa bibi arusi ndiye aliyewakwamisha. Pengine wangegeuka wakarudi kwao. Sopan alimvuta mkono, akanong'ona, "Nyamaza." Rakhma akajinasua.

"Fundi, si Sadu. Ni mimi. Nilitaka kuishinda treni." "Nimepaka toka jiwe jeupe mpaka kwenye mkwaju. Mbele yake hakuna. Nyumbani mafuta yakimwagika tunayafuta kwa majivu. Majivu si yamo humo kwenye injini?"

Nyanya wa bwana arusi akashuka, akapandisha sari yake.

"Mtoto huyu ametukwamisha, na yeye ndiye atakayetukwamua. Mnangoja nini? Leteni majivu."

Sadu alikomba majivu ya tanuri. Wapiga ngoma, wajomba na shangazi waliinama, wakasugua reli kwa matambara na vilemba. Rakhma alisugua mpaka viganja vikawaka. Bwana arusi aliwahimiza kutoka dirishani, mpaka nyanya akamwambia afunge mdomo, majivu yasimwingie.

Treni ilipiga honi, ikauma reli, ikapanda.

Walipoingia uani, bwana arusi akiwa juu ya gari la ng'ombe waliloazima stesheni ya kijiji, kibakuli kilikuwa kimebakiza ukingo tu juu ya maji. Pazia lililowatenganisha maharusi likashushwa, mchele ukarushwa. Dada akaolewa akiwa na mashemeji wenye nyuso nyeusi kama wachoma makaa.

Baada ya karamu Fundi Kasam, aliyekuwa amealikwa pamoja na Sadu, alimwita Rakhma mbele ya baba yake.

"Kosa ni kama mafuta, binti yangu. Ukiliwahi kwa majivu, linafutika. Ukilificha, atateleza mtu asiye na hatia. Leo nusura ateleze Sadu."

"Na chungu changu utakisugua wewe mwezi mzima," mzee Dagdu aliongeza.

Siku ya pili Rakhma alisimama tena kwenye jiwe jeupe. Sadu alimpungia mkono, treni ikahema, wakaanza. Alishindwa kwa hatua mbili, akaketi chini ya mkwaju akicheka.