Aneth Asema Mbele ya Daktari

"Hivi Aneth, mama yako anakunywa maji au anamwagilia bustani tumboni?" Paskazia, jirani yao pale Mkonze, Dodoma, aliuliza hivyo asubuhi moja mwaka 1996, alipomwona Aneth akirudi bombani mara ya tatu kabla ya shule.

Aneth alicheka tu. Lakini alikuwa ameona mengi. Mama yake, Yasinta, alikuwa na kiu isiyokwisha na mifupa ilimuuma. Mwaka uliopita alitoa vijiwe kwenye mkojo huku akilia. Watu walimshauri anywe maziwa mengi. Akanywa, na hali ikazidi.

Siku alipovunjika mkono kwa kuinua sufuria tu, walikwenda hospitali.

"Mbali na mkono, mama, kuna tatizo lingine?" Daktari Castory aliuliza.

"Hakuna, baba." Kutaja habari za mkojo mbele ya mwanaume, tena mtoto akisikia, kwao ilikuwa aibu.

Daktari akashika kalamu aandike afungwe plasta. Aneth akawaza. Akisema, mama atakasirika. Akinyamaza, watarudi nyumbani na ugonjwa uleule.

"Samahani, daktari. Mama alitoa vijiwe kwenye mkojo. Na ndoo ya maji anaimaliza kwa siku."

Yasinta alimkata jicho. Daktari akaweka kalamu chini.

Yasinta alitolewa damu, ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Baada ya wiki mbili majibu yakarudi: kalsiamu, madini yanayoimarisha mifupa, ilikuwa imejaa mno kwenye damu.

"Shingoni tuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele," daktari alieleza. "Ndivyo vinavyosimamia kalsiamu. Kimoja chako kimeota uvimbe, kinainyang'anya mifupa madini hayo na kuyamwaga kwenye damu, mengine yanaganda kwenye figo na kuwa vijiwe. Ni ugonjwa wa nadra, na mara nyingi si saratani. Tutakupeleka ukapasuliwe."

Upasuaji ulikwenda salama. Yasinta alirudi na vidonge vya kalsiamu, maana sasa mifupa ilikuwa inajijenga upya na kuivuta kalsiamu kutoka kwenye damu. Alivimeza kwa saa, kama alivyoagizwa.

Paskazia alikuja kumpa pole. "Ila huyu binti, dada, kukuanika vile kwa daktari? Mimi ningemchapa."

Aneth akainamisha kichwa.

"Aliyekosa ni mimi," Yasinta akasema taratibu. "Nilimdanganya mtu aliyetaka kuniponya. Angenyamaza, Mungu shahidi, ningefungwa mkono huu nikaenda kuvunja wa pili. Mtoto kusema kweli kwa daktari si utovu wa adabu. Na wewe, dada Paskazia, hicho kikohozi cha mwezi mzima unachosema ni vumbi la Dodoma, umekipeleka wapi?"

Paskazia akainuka, akajifunga khanga yake, akatoka. Hakushika njia ya kwake. Alikata kushoto, kwenye zahanati.