Gari Lililopiga Magoti

Gari lilikuwa limepiga magoti.

Esteria alikuwa anaanua nguo jioni ile alipoona pua ya gari la mumewe imeinama hadi karibu na mavumbi, mkia ukiwa umebaki juu. Kisha, taratibu, mkia nao ukashuka. Hewa ikatoka chini yake kwa mkoromo mrefu, kama pumzi ya mnyama aliyeshiba. Esteria akacheka peke yake. Kumbe hata gari la wakubwa linachoka.

Lilikuwa gari la Kijerumani, lenye viti vya ngozi, ambalo zamani lilimbeba mkubwa fulani wa Mwanza, enzi zile mkulima wa kijiji chao cha Sapiwi hakuthubutu hata kuliegemea. Sasa biashara ilikuwa huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walifika hadi vijijini na mizani zao, na Bundala, mume wa Esteria, akawa wakala wao. Mtu akishakuwa wakala, baiskeli inamwaibisha. Bundala akaswaga ng'ombe hadi mnadani, akarudi na gari, na watu wakalibatiza jina la Mdachi.

Mdachi alikuwa mlafi. Leo rejeta inavuja, kesho giaboksi inagoma, keshokutwa vioo vya umeme vimeshuka na havisikii la mtu. Spea ziliagizwa Nairobi, na kila zilipokuja ng'ombe mwingine aliondoka zizini. Petroli ndiyo usiseme. Bundala alilipa huku anatabasamu, kama mtu aliyeoa binti wa chifu.

Marcelo, fundi wa Bariadi mjini, alilala chini ya gari, akatoka akijipangusa.

"Hili halina springi, mama," alimwambia Esteria. "Linakalia mito ya hewa. Mpira umezeeka, hewa inatoroka, gari linalala. Ndio ugonjwa wake."

"Na dawa?"

"Mito mipya ni bei mbaya. Nitaing'oa, nifunge springi za pikapu. Litarusharusha kama mkokoteni, lakini kulala halitalala tena."

Akazifunga. Esteria aliona kwa macho yake vyuma vinene vikiingia. Jioni hiyohiyo, jua lilipozama, gari likapiga magoti.

Hakucheka tena. Alfajiri alitoka kuwasha moto, akaliona linaamka: mkia kwanza, halafu pua. Mambo ya magari hakuyajua, lakini ng'ombe aliwajua tangu utoto wake, na ng'ombe ndiye anayeinuka nyuma kwanza.

Kuanzia hapo hakutulia. Ndani ya gari kulinuka zizi, harufu ya samadi mbichi na maziwa ya moto, hata alipolisugua kwa sabuni. Injini ikiwa imezimwa, chini ya boneti kitu kilitafuna polepole, kikameza, kikanyamaza, kikatafuna tena. Na Bundala, aliyekuwa mwongeaji kupita redio, sasa kila jua likizama aliingia kwenye gari akafunga mlango, akakaa humo mikono imelegea, hali chakula, hasemi na mtu, na Esteria akisogea dirishani aliona taya la mumewe linakwenda upande huu na upande ule, likifuatana na ile sauti ya chini ya boneti, mtafuno kwa mtafuno, ilhali mdomoni hamna kitu.

"Baba Gloria," alinong'ona, "toka humo tukale."

"Shii. Anacheua."

"Nani?"

Bundala akaendelea kutafuna. Esteria alimwogopa mumewe kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na hapohapo akajua kwamba asipofanya jambo atampoteza.

Majirani walisema ni jini. Esteria alivua rozari, akaiacha chini ya mto, akaenda Lagangabilili kwa Kwandu, mganga wa kupasua kuku.

"Mwadila, mayu," Kwandu alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama, akamkaribisha kwenye kigoda. Alimpasua kuku, akamtazama ndani kwa muda mrefu. "Gari lenu mlilipata kwa nini?"

"Kwa ng'ombe."

"Na dume la kahawia lilikuwamo?"

Esteria akaitikia kwa kichwa. Dume la kahawia liliitwa Maganga, jina la marehemu babu yake Bundala, nalo lilitengewa mzimu wa babu huyo. Ng'ombe aliyepewa jina la mzee haondoki nyumbani kabla ya kuagwa: unamtemea maji mgongoni, unamweleza anakokwenda na sababu yake. Lakini Bundala alikuwa kiongozi kanisani. Aliona haya kuonekana anazungumza na ng'ombe, akamswaga pamoja na wengine.

"Mmemuuza Guku, babu yenu, bila kumwambia," Kwandu alisema kwa sauti ya chini. "Mwili wake umeshaliwa. Anakaa ndani ya kile mlichopata badala yake, lakini bati ni baridi, mayu, hawezi kudumu humo. Mtafutieni dume jingine la kahawia upesi, kabla hajajitafutia mwili mwenyewe."

Ng'ombe wote waliobaki waliuzwa, likapatikana dume la kahawia. Kwandu alikuja asubuhi. Fredrick, mdogo wake Bundala, alimtoa kaka yake garini kwa kumbeba. Esteria akamshika mumewe mgongoni asianguke.

"Mama Gloria," Bundala alisema kwa shida. "Nina njaa."

Esteria alilia kwa furaha. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Ngozi ya dume ikitetemeka," Kwandu aliwaambia, "mjue Guku ameingia."

Bundala akajaza maji mdomoni, akalitemea dume mgongoni, akatamka jina la babu yake, akaomba msamaha. Dume likasimama tu. Akarudia. Nyuma yao gari likatoa pumzi ndefu, ya mwisho, na ile harufu ya zizi ikalitoka, likabaki gari bovu kama magari mengine mabovu.

"Ametoka, shemeji," Fredrick alinong'ona. "Ametoka."

Esteria alikuwa anatazama ngozi ya dume lile, akiisubiri, akiiomba kimoyomoyo itikisike hata kidogo tu, na nzi walitua mgongoni pale penye maji, wakatembea, wakanywa, na ngozi haikucheza. Kisha akaisikia. Ilikuwa chini ya kiganja chake. Ngozi ya mgongo wa Bundala ilitetemeka, mara moja, toka begani hadi kiunoni, kama inayofukuza nzi.

Kwandu naye aliona. Alifungua kamba shingoni mwa dume, akamwekea Esteria mkononi bila kumtazama usoni.

"Ameshachagua, mayu," alisema.

Esteria aliipokea kamba. Mumewe alikuwa ameshaanza kutembea, kichwa chini, kuelekea zizini.