Mgeni wa Kariu

Siku moja kabla ya harusi yake, Kariu alikuta nguo alizokuwa amezipanga sandukuni asubuhi zimerudi kitandani. Hazikutupwa ovyo. Zilikunjwa vizuri, vizuri kuliko alivyozikunja yeye, na hapo ndipo alipoingiwa na wasiwasi, maana katika nyumba ile hakuna aliyemshinda kukunja nguo.

Alikuwa fundi wa cherehani. Kariu halikuwa jina la wazazi wake. Wateja ndio waliombandika. Kutwa alishika pini midomoni, na mtu akipiga hodi hujibu bila kuinua kichwa, midomo imetenganishwa na pini, ile "karibu" inatoka bila "b". Kariu! Watoto wa jirani walimwigiza, wateja wakacheka, jina likaganda. Mchumba wake alikuwa mwalimu, mtu wa adabu kupita kiasi. Hata muuza mifagio hakumwacha mlangoni.

"Mama, nani kanitolea nguo sandukuni?" aliuliza.

"Nizitoe nikazivae wapi, na kiuno hiki?" mama yake alijibu kutoka jikoni.

Kariu akacheka, akazipanga upya. Alipotoka kuoga zilikuwa kitandani tena, na chumba kilinuka nguo iliyoungua kwa pasi. Pasi yenyewe ilikuwa rafuni, baridi. Akaudhika. Akashika sanduku alisogeze ukutani, halikusogea. Lilikuwa tupu, na lilikuwa zito. Akainama kulitazama, akaona kitambaa cha ndani kimebonyea, kama godoro linavyobonyea mtu akilala ubavu na kukunja magoti, akapeleka mkono taratibu, na pale ambapo macho hayakuona kitu kiganja kikakuta joto, na lile joto likavuta pumzi, likashusha, likavuta tena.

Hapo akaelewa. Nguo zake hazikutolewa kwa uchokozi. Kuna mtu alikuwa anajitafutia nafasi.

"Tunaondoka saa ngapi?" sauti iliuliza kutoka sandukuni. Ilikuwa sauti ya chini, yenye heshima.

Mganga aliyeitwa na mama alifika jioni ile na mkoba wake na maneno mengi ya mlangoni. Alipoufungua mkoba ulikuwa mtupu. Dawa zake zote zilikuwa kitandani, zimepangwa safu moja, ndogo kwa kubwa. Mganga akatazama kitanda, akatazama mlango.

"Mama, huyu si wa kufukuzwa na mimi," alinong'ona. "Huyu amekaribishwa. Aliyekaribishwa hatolewi na mtu mwingine. Bibi harusi akienda kwa mumewe, naye yumo, na akishaingia nyumba ya pili hatoki tena. Ahirisheni."

Akaondoka na kiatu kimoja.

Mama alikaa chini akalia. "Tuahirishe, mwanangu. Harusi haiozi."

"Mimi ndiye nitaoza," alisema Kariu. "Nimewashonea maharusi wa mtaa mzima, nimewafunga vifungo kwa mikono hii, nikabaki nafagia vipande vya uzi. Zamu yangu imefika. Siahirishi harusi kwa sababu ya kitu kisicho na miguu."

"Ulimkaribisha lini?"

"Nitajuaje, mama? Hodi zinapigwa kutwa."

Wakalala chumba kimoja, wamekumbatiana, na ng'ambo ya ukuta sanduku likawa linafunguliwa na kufungwa, linafunguliwa na kufungwa.

Asubuhi gari la harusi lilipiga honi nje. Kariu alikuwa ameshavaa gauni. Alimwambia mama yake asubiri sebuleni, akaingia chumbani peke yake na kufunga mlango. Tusidanganyane, aliogopa. Harufu ya kuungua ikamjaa puani, mapazia yakavutwa na mkono asiouona mpaka chumba kikawa giza, na kutoka sandukuni ile pumzi ikapanda na kushuka kwa haraka, kama ya mtu aliyefurahi kupita kiasi, hadi akahisi ukosi wake unanyooshwa taratibu, kwa upendo, na vidole vyenye joto.

"Umependeza," ilisema sauti. "Funga mfuniko, twende."

"Siendi na wewe."

"Ulinikaribisha. Nilipiga hodi ukiwa unashona gauni hilihili, ukanijibu."

Kariu alilikumbuka gauni, akaukumbuka upindo wake, na namna alivyoushona, kichwa chini. Hofu haikuondoka, lakini hasira ikaja ikakaa juu yake.

"Nilikujibu nini?"

Pumzi ikasita.

"Si ulisikia? Litamke neno langu kama nilivyolitamka."

Nje gari likapiga honi tena.

"Kariu," ilisema sauti, na safari hii ilikuwa ndogo.

"Maana yake nini?"

"Maana yake... karibu."

"Hiyo umeisema wewe!" Kariu alipaza sauti mpaka mama akashtuka sebuleni. "Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Midomo yangu haikukutana. Mtaa mzima unajua, mpaka wakaniita hivyo. Kariu si neno! Hukukaribishwa, umeingia tu, na anayeingia bila kukaribishwa ni mwizi. Toka kwetu!"

Akashika mpini wa sanduku, safari hii likasogea, akalikokota hadi mlango wa nyuma, gauni likifagia sakafu, akalipindua uani. Hakuona kitu kikianguka. Alichosikia ni kishindo, na vumbi likatawanyika, na kuku wa jirani wakakimbia wote upande mmoja.

Sanduku akaliacha palepale. Nguo akazifunga kwenye shuka, akapanda gari na furushi mapajani.

"Bibi harusi kaja na mzigo wa dobi," wifi mmoja alimtania.

"Cheka tu, wifi," alisema Kariu. "Ungeniona na sanduku ungelia."

Wakaoana. Jua lilipokuwa linazama waliachwa peke yao katika nyumba yao. Mwalimu alikuwa anavua viatu hodi ilipopigwa, taratibu, kwa heshima. Harufu ya nguo iliyoungua ikapenya chini ya mlango. Mwalimu akainua kichwa, akatabasamu, akafungua mdomo.

"Kari..."

Kariu alimrukia na kumziba mdomo. Kilichotoka chini ya kiganja kilikuwa "u" peke yake.

"Nani?" aliuliza Kariu kwa sauti.

Hakuna aliyejitaja.

"Mke wangu, si vizuri," mwalimu alinong'ona alipoachiwa. "Mgeni hanyimwi jibu."

Hodi ikapigwa tena, safari hii dirishani. Kariu akachomoa pini kwenye upindo wa gauni, akambania mumewe midomoni.

"Haya," alisema. "Mjibu sasa."