Picha ya Mia Mbili Hamsini na Moja

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mwili uliotakiwa kutulia haukutulia.

Ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya kupanga, katika chumba chenye mapazia mazito. Hapo bosi mmoja na mafundi wawili walitengeneza kwa kompyuta yale ambayo kamera haiwezi kuyapiga: moto, mafuriko, majengo yanayoporomoka. Mwezi huo walikuwa wanatengeneza maiti. Tamthilia moja ya televisheni ilihitaji mwanamke aliyezama bwawani, akakaa chini ya maji siku tisa, kisha akainuka. Sekunde kumi tu. Kila sekunde ina picha ishirini na tano, kwa hiyo kazi nzima ilikuwa picha mia mbili na hamsini. Kompyuta ndiyo iliyokokotoa nyama ilegee vipi, ngozi iteleze wapi, maji yachuruzike kutoka tundu gani. Kazi hiyo wenyewe waliiita uigaji.

Fundi wa ngozi alibonyeza kitufe. Mwanamke akainuka kutoka majini, akasimama, picha ya mia mbili hamsini ikafika. Hapo ndipo mwisho.

Mwanamke akafunga mdomo, akameza.

"Mapovu," fundi aliita. "Hebu njoo."

Mapovu alikuwa fundi wa maji. Jina hilo alilipata baada ya povu la bahari moja kumtesa mwaka mzima. Alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama.

"Umeongeza picha?"

"Sijaongeza."

"Basi mashine imekula chumvi nyingi, imeanza kusahau hesabu." Akacheka mwenyewe.

Walifungua mahali picha zinapohifadhiwa. Ya mia mbili hamsini na moja ilikuwepo. Ilipofika adhuhuri zilikuwa zimefika mia tatu na kumi, na hakuna aliyeziagiza.

Fundi wa ngozi alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu amzike mdogo wake wa kike, miezi miwili iliyopita, maneno yalizidi kupungua. Wenzake walimstahi, hawakumuuliza mengi. Hawakumuuliza hata ngozi ile ameitoa wapi. Kazi yake siku zote ilikuwa nzuri, lakini ngozi hii ilikuwa na mambo ambayo mtu habuni: rangi ya jivu pembeni mwa midomo, alama ya plasta juu ya mkono, vifundo vya miguu vilivyovimba vikabaki na mikunjo ya soksi.

Harufu ilikuja baada ya swala. Mwanzoni ilikuwa kama kitambaa kilichosahaulika ndani ya ndoo. Kisha ikawa kama bandeji ya kidonda kilichooza.

"Nani kaacha nyama kwenye begi?" Mapovu aliuliza. "Aseme tu, tutamsamehe."

Alitafuta panya chini ya meza, hakumpata. Akafuata pua yake mpaka nyuma ya kompyuta ya fundi wa ngozi, kwenye feni inayotoa hewa ya moto. Aliweka kiganja pale, akakirudisha kimelowa. Ulikuwa ute wa rangi ya chai ya maziwa. Alipoachanisha vidole, ulivutika kama kamasi, haukukatika. Mapovu hakucheka tena. Alikwenda kunawa, akanawa mara nne.

Jioni ile bosi aliingia kwa kishindo. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuongoza gwaride.

"Wanangu, wateja wameikubali! Mmoja katoka nje kutapika. Kutapika! Wanasema zile maiti tatu za mwanzo zilikuwa safi mno, hii ndiyo maiti. Ijumaa inarushwa." Akatoa leso, akaziba pua. "Ila mfanye usafi, jamani. Humu mnanuka."

Fundi wa ngozi aliinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu.

Jumatano asubuhi walikuta nzi. Hawakuwa kwenye vikombe wala kwenye makombo ya mikate. Walikuwa wamejipanga kwenye kioo cha skrini, pale macho ya mwanamke yalipo, wakikilamba. Ukiwafukuza walirudi palepale, wamenona, wazito wa kuruka. Kitufe kimoja cha kibodi kilikuwa kimekwama. Mapovu alikibandua kwa ukucha, akakuta chini yake funza mnene, mweupe, akigeuka polepole kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Alibandua cha pili. Kulikuwa na watatu. Alikimbilia chooni, na sauti za kutapika kwake zilisikika mpaka kwenye ngazi.

Aliporudi alikuwa amefuta uso na amekasirika.

"Bwana, tuongee kikubwa. Katika kazi yetu kila picha huzaliwa na ile iliyotangulia. Mama mgonjwa, mtoto mgonjwa. Kosa haliwezi kuanzia picha ya mwisho, limetoka nyuma. Tunarudi ya kwanza."

"Acha."

"Niache nini? Mwenzangu, kuna funza kwenye kibodi!"

Mapovu akavuta kiti, akarudisha picha kinyumenyume. Mwanamke alizama taratibu, maji yakamfunika, matope yakarudi mdomoni mwake, mpaka picha ya kwanza, amelala chini ya bwawa. Mapovu akafungua kilicho nyuma ya picha hiyo, yaani umbo la asili ambalo mwili wote ulijengwa juu yake. Na nyuma ya umbo akakuta picha za simu mia moja na themanini, zilizopigwa kuzunguka kitanda kimoja, hatua kwa hatua, upande kwa upande, kama mafundi wanavyofundishwa kukipiga kitu wakitaka kompyuta ikijenge kizima.

Shuka. Ukuta. Uso.

Mapovu alimjua. Binti yule alikuwa akimletea kaka yake chakula cha mchana kabla figo hazijamlaza.

"Huyu," alisema kwa sauti ya chini, "huyu si mdogo wako?"

Fundi wa ngozi hakujitetea. Alisema mdogo wake alivimba mwili wote mwisho wa ugonjwa, na alimshika mkono akamwomba: kaka, watu wasinione nikiwa hivi. Alipokata roho, ndugu walimpa yeye dakika kumi za kuagana kabla hajaoshwa. Mlango ukafungwa. Akajikuta ametoa simu.

"Nilitaka nibaki naye," alisema. "Wallahi sikuwa na lengo jingine. Kisha wateja wakakataa mwili wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikafungua faili lake ili nitazame tu ngozi inakuwaje. Nikabadilisha pua. Nikabadilisha nywele. Nikajiambia si yeye tena."

"Na Ijumaa watu wote watamwona."

"Ndiyo."

Katika picha ya kwanza, ambayo ni picha moja tu na haina namna ya kusogea, mwanamke aligeuza kichwa.

"Kaka," alisema.

Spika zilikuwa zimechomolewa tangu jana. Mapovu alitoka mbio, akafika barabarani ndipo alipogundua hana viatu.

Fundi alimpigia simu shangazi yao, yeye na marehemu, naye akafika alasiri. Alikuwa mwosha maiti kwa miaka thelathini, mwanamke mfupi, mikono mikubwa. Fundi alimpokea ngazini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sema kabla sijaingia."

Akasema yote. Shangazi hakumkatiza. Fundi alipomaliza, shangazi alishika ukuta.

"Nilisimama nje ya mlango ule nimebeba ndoo," alisema. "Watu wanataka kuingia, nawazuia. Nawaambia mwacheni mtoto alie. Kumbe hulii. Unamzunguka."

Fundi alianza kulia hapo.

"Sasa unalia. Haya, twende."

Bosi alikuwa ndani amefunika pua kwa leso mbili. Alianza kusema habari za Ijumaa, mkataba, jina la kampuni. Shangazi alimtazama.

"Mwanangu, una mama?"

"Ninaye."

"Akifa, nikuite uje umpige picha wateja watapike?"

Bosi akakaa chini.

Mapovu, aliyekwisha kurudi na viatu vya kuazima, akasema kwa unyenyekevu, "Shangazi, mimi maji nayaweza. Naweza kummwagia maji humo ndani, mara tatu, vizuri. Na kitambaa naweza. Tumvike sanda, kisha tufute."

"Nimeshamwosha kwa mikono hii, akasitiriwa, akazikwa. Maiti haoshwi mara mbili. Hiki si yeye, baba. Mmejenga nyumba yenye vyumba vyote, haina mwenyewe, na nyumba ya hivyo haikosi mdudu wa kulala humo. Ukikiosha umekikaribisha. Ukikivika sanda umekipa jina." Akamgeukia fundi. "Mimi si mganga, sina hirizi wala kombe la kunywesha. Nitasoma ninachokijua. Kazi ya mkono ni yako. Picha moja ikibaki, amebaki uchi."

Akaanza kusoma Ayatul Kursi, taratibu, kama mtu anayetwanga.

Fundi alifuta za kwenye simu. Akafuta za akiba, kwenye kisanduku kilicho chini ya meza, na alipokishika kilikuwa cha moto na laini, kinabonyea chini ya vidole kama shavu. Akabaki na kompyuta. Uvundo ulipanda ukawa kitu cha kumezwa, ukakaa juu ya ulimi, na ute ukaanza kutoka chini ya skrini ukishuka mezani na kutiririka mpaka kwenye mapaja yake, vuguvugu, na yeye akiwa bado ameshika kipanya ambacho kilikuwa kimeota malengelenge yanayopasuka kila alipobonyeza, na kwenye kioo mwanamke alianza kupona, uvimbe ukashuka, rangi ya jivu ikaondoka midomoni, pua aliyoibadilisha ikarudi ilivyokuwa, nywele zikarudi, mpaka akawa yule binti wa kuleta chakula mchana, mzima, kijana, anatabasamu upande mmoja kama alivyokuwa akitabasamu, na akasema kwa sauti yenyewe kabisa, kaka, nimepona, wanakuonea wivu tu, niache nikae nawe, nani atakayekupikia, nani atakayekuchekesha, na fundi akaondoa kidole kwenye kitufe.

Shangazi hakuacha kusoma. Aliongeza sauti kidogo tu.

"Nitazame," kile kitu kilisema.

Fundi alitazama. Aliona meno. Nyuma ya meno, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kujenga kitu chochote kwa sababu kamera haifiki huko, kulikuwa na dude jekundu likijinyonganyonga, likitafuna.

"Mdogo wangu aliniomba watu wasimwone," alisema kwa mdomo uliojaa mate machungu. "Wewe unaniomba nikutazame."

Akabonyeza.

Kelele iliyotoka haikuwa ya mwanamke. Ilikuwa kama kizibo cha sinki kilichong'olewa, kisha mkoromo mrefu wa maji machafu, na kompyuta zote tatu zikazimika. Nzi walidondoka mezani wote kwa pamoja, kama zabibu kavu. Bosi akatapika ndani ya leso zake. Alipopata nafuu aliwapigia wateja wale simu mwenyewe, akawaamuru wafute nakala yao naye akisikia, akawaambia kazi imeharibika, watapewa maji, ukungu na kivuli, wakitaka wasitake. Shangazi aliendelea kusoma mpaka hewa ikawa hewa.

Kabla hajaondoka alimwambia fundi, "Bado mama yako."

"Nitamwambia nini, shangazi?"

"Ulichoniambia mimi."

Alikwenda siku ileile. Mama alikuwa amekaa kitandani kwa marehemu, anakunja khanga zake za kugawa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja. Kisha akaacha.

"Alikuomba asionekane?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukamwonyesha."

"Kwa watu wachache. Waliobaki nimewazuia."

Fundi alipiga magoti, akasubiri kofi au laana, na vyovyote ingekuwa alikuwa tayari. Mama alisogeza khanga pembeni, akamwachia nafasi ya kukaa.

"Sina nguvu ya kukusamehe leo," alisema. "Lakini yeye anahitaji dua kuliko mimi ninavyohitaji hasira. Nyoosha mikono."

Wakanyoosha mikono, mama na mwana. Ewe Mola, msamehe na umrehemu. Lipanue kaburi lake na ulitie nuru. Yale ambayo sisi tumeyafunua, Wewe yafunike, kwani hakuna asitiriye kama Wewe. Na siku tutakayofufuliwa, mfufue akiwa mzuri, katika mwili usio na maradhi, asimwonee mtu haya. Amina.