Kichwa cha Treni cha Marehemu

Kile kichwa cha treni kilikuwa na joto. Fundi saa alikigeuza kiganjani, uso umemchanua kama aliyeokota kito, lakini mkewe, aliyekaa ubavuni pake kwenye kochi, alikigusa kwa ncha ya kidole akaurudisha mkono haraka.

"Dada, mlikuwa mnakiendesha sasa hivi?" alimuuliza mwenye nyumba.

"Kimekaa kabatini tangu msiba," mjane akajibu. Alikuwa amekileta kimeviringishwa kwenye taulo, na taulo lenyewe hajaliachia.

Kilikuwa kitu cha kuchezea cha zamani, chuma kitupu, rangi ya kijani iliyokolea, na fundi alikuwa amekitafuta cha namna hiyo miaka nenda miaka rudi. Mkewe alilijua hilo mno. Kwao, treni ndogo zilikuwa na chumba chao na zilifutwa vumbi kila jioni. Yeye akisuka nywele, mumewe hugundua zikishafumuka. "Mke mwenzangu ana magurudumu," aliwatania mashoga zake, nao wakacheka mpaka machozi. Yeye kicheko hakikumshuka moyoni. Leo alikuja kwa kisingizio cha kusaidia kupatana bei, kumbe alitaka kumwona adui kabla hajaingia nyumbani.

Fundi akabana kioo chake jichoni. Akaangalia kama rangi imepakwa upya, akatikisa ekseli, akapapasa magurudumu kama yameliwa upande. Kisha akashika bisibisi, akafungua kifuniko na kuchungulia mota.

"Waya umekatika," alisema. "Hakiwezi kutembea mpaka niuunge."

Hata hivyo akakiweka juu ya kipande cha reli alichokuja nacho, aone kama magurudumu yanakaa sawa. Reli haikuwa imeunganishwa na umeme wowote.

Kikatembea.

Kilikwenda polepole hadi mwisho wa reli, kikarudi, kikajisugua kwenye vidole vyake kama paka. Harufu ya asumini ikajaa sebuleni, na chini yake harufu ya mafuta yaliyoungua.

"Baba watoto, tuondoke," mkewe akanong'ona.

Fundi hakugeuka. Alikuwa akitabasamu lile tabasamu la siku za uchumba wao, ambalo mkewe alidhani limekwisha duniani. Wivu ukamfika hata kabla ya woga.

Mjane akamvuta kando. "Mdogo wangu, nilidhani limekwenda naye kaburini. Ni jini. Jike. Mume wangu naye alianza hivi hivi. Mwishowe nikimpelekea chakula ananiuliza mimi ni nani."

"Na bado unatuuzia?"

"Nilitaka litoke kwangu! Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Hapo ndipo kicheko cha mwanamke kilipotoka kwenye kile kibomba cha moshi kisichozidi kidole, kicheko laini cha mtu aliyejilaza kwake, na fundi akainama mpaka shavu lake likagusa chuma, midomo ikimchezacheza kama anayejibu maswali ya siri, huku mvuke ukimpanda vidoleni na ngozi ikianza kubabuka, naye haoni maumivu, hamsikii mkewe anayemvuta bega na kumlilia, anasikia ile sauti tu ikisema, "Nimekungoja wewe. Yule mzee alinichosha."

Mjane akasimama wima.

"Alikuchosha?" alikiuliza kile chuma. "Nimelala peke yangu miaka yote ile. Umemnyonya mpaka akafa mdomoni ana jina lako. Udongo wa kaburi haujakauka, leo unaniambia alikuchosha?"

Akakinyakua kwa taulo, akakibwaga sakafuni, akachomoa mchi nyuma ya mlango wa jikoni. Alipiga kama mtwanga nafaka, na kila pigo lilijibiwa na ukelele, mpaka zikabaki skrubu na vipande vya mota, na ile harufu ikapasua chumba na kutoka. Fundi akaanguka, viganja vimebabuka.

"Nendeni," mjane alisema akihema. "Sitaki kitu kwenu."

Walitembea hadi kwao jua likiwaka, mke amemshika mumewe mkono, akiona haya kwa furaha iliyomjaa. Alikuwa amerudishiwa mtu wake. Akafungua mlango, akamkalisha barazani, akaanza kumpaka dawa viganjani. Watoto walikuwa shuleni. Ndani hamkuwa na mtu.

Fundi akainua uso. Akamtazama kwa lile tabasamu la uchumba, akaomba maji kwa upole, akataja jina la mwanamke ambalo mkewe hajawahi kulisikia.

Ndani, kiti kikasogezwa, kama cha mtu aliyesikia akiitwa na sasa anainuka.

"Abee!" mkewe akaitikia upesi, asije akatanguliwa. "Abee, mume wangu. Nipo hapa."