Fundi Bomba wa Alhamisi

— Huyu Fundi Bomba ni nani?

Mumewe alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, begi la safari liko mlangoni. Hakuinua kichwa.

— Fundi wa mabomba. Si jina linajieleza?

— Na fundi wa mabomba ndiye anakuandikia, "Alhamisi saa nane, chumba kile kile, safari hii usikose"?

Kamba ikamponyoka. Akaianza upya.

— Nitachelewa ndege, mke wangu. Tutaongea nikirudi.

— Utachelewaje ndege na wewe ndiye unayeirusha?

Alichukua kofia, akabusu hewa pale ambapo shavu la mkewe lilikuwa limeshaondoka, akatoka.

Mkewe alikuwa mfamasia, mwenye duka lake la dawa, mwanamke asiye na papara. Miaka sita ya ndoa hajawahi kupekua simu ya mtu. Siku hiyo simu ilikuwa mezani, ikawaka yenyewe, yeye akasoma. Aliosha vikombe viwili vya chai, akavifuta, ndipo akampigia dada yake.

— Dada, nahisi mume wangu ana mtu.

— Kamwandikaje kwenye simu?

— Fundi Bomba.

Dada yake akacheka mpaka akakohoa.

— Wa kwangu alimwandika Gereji. Sikiliza, mdogo wangu. Usilie, usipige kelele. Alhamisi mfuate. Na uvae viatu vya kukimbilia.

— Nimkimbize nani?

— Hujui utakayemkuta ana mwili gani.

Alhamisi duka alimwachia msaidizi wake, akakodi teksi. Mumewe, bila sare, alishuka mbele ya jengo la ghorofa tatu lenye daktari wa meno chini na mawakili katikati. Akapanda mpaka juu kabisa, akaingia mlango wa mwisho. Mlango haukuwa na kibao, namba tu. Mfamasia akakaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. Dakika arobaini. Maneno alikuwa ameshayapanga kama anavyopanga dawa rafuni, makali juu.

Mlango ukafunguka. Alitokea mama wa miaka sitini hivi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, sweta kalifunga vifungo kombo.

— Karibu, mwanangu. Una miadi?

— Wewe ndiye Fundi Bomba?

Yule mama akageuka nyuma taratibu.

— Nadhani huyu ni wako, akasema.

Mumewe alikuwa amesimama katikati ya chumba. Macho mekundu, karatasi laini imelowa kiganjani. Ukutani kulikuwa na cheti cha yule mama: mshauri nasaha. Maneno yote yaliyopangwa yakakosa wa kuambiwa.

Walirudi nyumbani. Mezani jikoni, mumewe akatoa begini chupa ya vitamini, akamimina vidonge. Mfamasia akaokota kimoja, akatazama mstari na namba iliyochongwa. Hakuhitaji kuuliza ni nini. Ilikuwa dawa ya sonona.

— Hizi nauza mimi.

— Najua. Ndiyo maana nanunua upande wa pili wa mji.

— Tangu lini?

— Miezi minane.

Mwaka uliopita walizika mtoto wa kike aliyeishi siku mbili. Mfamasia alilia mpaka sauti ikakauka. Mumewe alipokea waliokuja kuwafariji, akashukuru kila mtu, na siku ya tano akavaa sare akaenda kazini. Ndugu zake walimsifu sana.

— Nilikuwa naamka sioni sababu ya kuoga, akasema. Kazini nacheka na watu. Nikirudi nakaa ndani ya gari nje ya geti, nashindwa kushuka.

— Ulikuwa unaniambia ni foleni.

— Foleni gani ya Jumapili?

Mfamasia akakirudisha kidonge kwenye chupa.

— Afadhali ungekuwa na mwanamke.

— Unasema kweli?

— Mwanamke ningemjulia. Hapa umenifungia nje ya nyumba yangu mwenyewe. Zinakusaidia?

— Zinanisaidia. Nalala. Nakula. Sasa hapo ndipo penye shida. Baada ya wiki mbili nina uchunguzi wa afya wa leseni. Fomu inauliza, unatumia dawa yoyote? Nikiandika ndiyo, wananishusha kwenye ndege siku hiyo hiyo.

— Kwa hiyo?

— Niko likizo kuanzia kesho. Naacha vidonge leo, naweka hapana, maisha yanaendelea.

— Kila siku nawaambia watu pale dirishani, dawa hii haikatwi ghafla. Kumbe mwenye kuambiwa nalala naye. Utapata kizunguzungu, usingizi utapaa, na kile kitu kitarudi. Kitakukuta juu, na abiria sabini mgongoni.

— Nimewabeba miezi minane, na hakuna kilichotokea.

— Hilo nalo utalieleza.

— Kwa nani?

— Kwa daktari wa marubani. Ukiweka hapana, nitampigia simu mimi.

Mumewe akamtazama kama mtu aliyepigwa na mlango.

— Utanimaliza.

— Bora nikumalize ukiwa hai.

Kesho yake asubuhi mumewe akahamia kwa kaka yake. Alibeba sare, akaacha pajama.

Kila siku saa moja asubuhi mfamasia alimwandikia neno moja: "Umekunywa?" Siku tatu hakujibiwa. Siku ya nne simu ikalia.

"Kichwa kinavuma kama injini."

"Umekata."

"Ndiyo."

"Mpigie daktari aliyekuandikia. Sasa hivi."

Baada ya saa nzima: "Nimempigia. Nimerudia dozi yangu. Amenifokea kuliko wewe."

"Mshukuru kwa niaba yangu."

Dada mtu alipopata habari alishindwa kuelewa.

— Kumbe si mwanamke? Basi mrudishe!

— Sijamfukuza.

— Ila umemwambia utamshtaki.

— Nitamshtaki.

— Mdogo wangu, wewe unapenda kwa namna ya kutisha.

Siku ya uchunguzi ikafika. Mfamasia alikwenda bila kualikwa. Alimkuta kwenye viti vya kusubiria, fomu iko gotini, imejazwa yote, mwandiko umenyooka, isipokuwa sehemu moja.

— Umekuja kunichunga?

— Nimekuja kukaa.

— Simu umeshapiga?

— Namba ninayo.

Akakaa kiti cha pili, wakaachiana kimoja katikati. Nesi alipita na mizani. Mumewe akaigeuza kalamu, akaigeuza tena.

— Nikiweka ndiyo, sijui kesho asubuhi nitakuwa nani.

— Utakuwa mume wangu. Rubani nimeishi naye mwaka mzima. Niliyemkosa ni mume.

Akaweka ndiyo. Akaandika jina la dawa, dozi, na tarehe aliyoanza. Tarehe ya kweli. Ndipo mkewe akahamia kiti cha katikati.

Daktari alikuwa mtu wa kipara, alisoma fomu bila kukunja uso.

— Umeruka miezi minane bila kutuambia.

— Ndiyo, daktari.

— Hilo nitaliandika, wakubwa wataliamua wao. Ama dawa yenyewe, haikuzuii maisha yako yote. Nataka miezi sita umetulia kwenye dawa hii na dozi hii, ripoti ya daktari wako, na mtihani wa kumbukumbu na umakini. Kisha tutazungumza. Cheti cha kuruka ulicho nacho nipe.

Akampa. Ila alichelewa kidogo kukiachia.

— Ungekuja mwaka jana, daktari akasema, leo ungekuwa unaruka.

Siku hiyo hiyo alirudi nyumbani. Miezi sita ikawa kumi na mmoja, kwa sababu ya ile miezi aliyonyamaza. Kampuni ilimpa meza ya kupanga zamu za wenzake. Baadhi yao waliacha kula naye meza moja. Wawili walimfuata kwa wakati tofauti, kila mmoja akafunga mlango kwanza, wakamwomba anwani ya ghorofa ya tatu.

Alhamisi walikuwa wanakwenda pamoja, mume na mke. Ilikuwa mle chumbani, wiki ya sita au ya saba, mfamasia alipomsikia mumewe akitaja jina la mtoto wao. Alilitaja lote, pamoja na jina la babu. Mkewe alidhani ameshalisahau.

Mwezi wa kumi na mbili tangu atoe cheti, mumewe akaingia dukani mchana, akapanga foleni nyuma ya wateja watatu kama mtu mwingine yeyote. Zamu yake ikafika.

— Nikusaidie nini, baba?

— Nina karatasi.

Mfamasia akaisoma juu ya kaunta. Wamemruhusu kuruka. Kila miezi sita apeleke ripoti. Na awe na mtu mmoja wa karibu, ambaye daktari anaweza kumpigia simu wakati wowote, amuulize hali yake bila yeye kuwepo. Mtu huyo atie saini chini.

— Umemwandika nani?

— Si unasoma?

Lilikuwa jina lake, na namba yake ya simu. Uhusiano: mke.

— Kaka yako angekuwa mwepesi zaidi.

— Kaka atasema nipo salama hata akinikuta nimelala sakafuni.

— Na mimi?

— Wewe utawaambia.

Nyuma yake mzee mmoja akajikohoza kwa makusudi.

— Binti, mimi nina kikohozi tu. Nyie yenu ni ugonjwa gani usioisha?

— Tunamaliza, baba.

Mfamasia akatia saini, akamwambia mumewe apishe watu, akamhudumia mzee dawa yake. Mumewe alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, miguu kainyoosha, mpaka saa ya kufunga, wakateremsha mlango wa bati pamoja, wakaenda nyumbani kwa miguu.