Alama kwenye Joho la Pengo

Kila Ijumaa Chiriku akitoka shule alikuta blanketi limeshatandikwa mezani, na pasi ya mkaa inapata moto mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya majoho ya kwaya ya watoto. Bibi yake ndiye aliyeyafua na kuyapiga pasi, tangu enzi mama yake Chiriku anaimba kwenye kwaya hiyohiyo, na hakuwahi kuunguza hata moja.

Bibi alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuweka pasi, aliuliza, "Hili la nani?" Akishajibiwa, alianza kuomba kwa sauti ya chini huku pasi inatembea.

"Bwana, huyu mtoto wa fundi viatu, kikohozi chake kiishe. Na akili ya hesabu umwongezee, maana siku unagawa alikuwa nje anacheza."

Joho likinyooka na sala imeisha. Amina, linakunjwa.

Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Sala za Bibi alizipenda kama mtu anavyopenda redio ya jirani: nzuri, lakini si yake. Yeye pia alisali. Alisali Baba Yetu huku anavua viatu, na amina ilifika kabla kiatu cha pili hakijatoka. Rafiki yake, binti wa kinyozi, alizoea kumtania, "Shikamoo mlokole!" Chiriku anacheka na kujitetea, "Mlokole nani? Mimi kanisani naenda kuimba tu."

Ijumaa moja, jirani alimwita Bibi akamsaidie kubembeleza mtoto. Lilikuwa limebaki joho moja tu, dogo kuliko yote, la mvulana waliyemwita Pengo kwa sababu ya meno ya mbele. Jumapili ile Pengo alikuwa aimbe peke yake kwa mara ya kwanza.

"Pasi usiiguse," Bibi alisema akivaa kandambili. "Nikirudi nitalimalizia. Huyo mtoto anatetemeka mpaka magoti, anahitaji sala ndefu."

"Sawa, Bibi."

Bibi hajafika hata getini, Chiriku ameshashika pasi. Alitaka kazi iishe akacheze. "Bwana mbariki Pengo na wote wanaohusika, amina," alisema. Sala yenyewe ilikuwa fupi kuliko kola ya joho.

"We Chiriku!" Binti wa kinyozi alikuwa dirishani. "Umesikia? Mwalimu wa michezo kaanguka mbele ya wageni!"

"Acha weee!"

Alikimbilia dirishani. Pasi akaiacha palepale juu ya joho. Walicheka mpaka machozi, kisha pua ya Chiriku ikanusa kitu. Akageuka. Mgongoni mwa joho jeupe kulikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi kabisa, na ncha yake inaelekea shingoni.

Binti wa kinyozi alitoweka kama hajawahi kuwepo. Chiriku alilikunja joho haraka, alama ikaenda ndani, akalichomeka katikati ya mengine.

Bibi alirudi anatazama meza. "La Pengo liko wapi?"

"Ulishalimaliza, Bibi."

"Nililimaliza?"

"Ndiyo. Ukalikunja, ukatoka."

Bibi alisimama, mkono shavuni. "Na kumwombea, nilimwombea?"

"Ulimwombea."

"Ajabu," Bibi alisema polepole. Akakaa kitini akiitazama mikono yake, kama anaigundua leo.

Jioni hiyo alimwita Chiriku aonje mboga. "Onja chumvi, mjukuu wangu, nisije nikawa nimetia mara mbili." Mboga ilikuwa sawasawa, lakini Chiriku hakutaka kijiko cha pili.

Jumamosi kwenye mazoezi, mwalimu wa kwaya alikunjua joho la Pengo, alama ikaonekana na wote. Pengo akaangua kilio. "Nimefanya nini mimi?"

Mama Mwenyekiti, aliyesimamia mambo ya kwaya, alitikisa kichwa. "Ni uzee. Tusimlaumu Bibi, ila tukamwombe apumzike. Leo joho, kesho ataunguza nyumba na mtoto yumo ndani."

Mazoezi yalipoanza Chiriku alikosea maneno ya wimbo anaoujua tangu yuko chekechea. Moyoni alikuwa anafanya biashara na Mungu: wasiende kwa Bibi, nami nitasoma Biblia kila siku, sura nzimanzima, hata zile zenye majina magumu.

Walikwenda. Mwalimu mbele, Mama Mwenyekiti nyuma yake, Pengo ameshikwa mkono, na Chiriku mwishoni anaburuta miguu.

Bibi alilipokea joho, akaipapasa ile alama kwa kidole, taratibu, kama anapapasa kidonda cha mtu.

"Sina cha kujitetea," alisema. "Hata kulimaliza sikumbuki. Juzi nilitafuta miwani nimeivaa, nikacheka. Leo sicheki. Wapeni wengine kazi hii." Akamgeukia Pengo. "Nisamehe, mwanangu. Nilitaka siku yako iwe nzuri."

Pengo alitikisa kichwa kukubali, kamasi zinamtoka.

"Kabla hamjaondoka, tuombe," Bibi alisema.

Wakainamisha vichwa na kuanza Baba Yetu. Chiriku naye akaanza, haraka kama kawaida, lakini Bibi alikuwa anaenda polepole na sauti yake inakatika, ikabidi kila mtu amfuate. Walipofika "utusamehe makosa yetu", mdomo wa Chiriku ukagoma. Wengine waliendelea, yeye kabaki palepale. Amina ikafika bila yeye.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeunguza. Bibi hakulimaliza. Aliniambia nisiguse pasi, nikagusa. Halafu nikamwambia yeye ndiye kasahau." Maneno yalitoka pamoja na machozi. "Bibi, akili yako ni nzima. Mimi ndiye mwongo."

Bibi alivuta pumzi ndefu, akajishika kifua.

"Kumbe sijapotea," alinong'ona. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Joho si kitu, Chiriku. Lakini usiku kucha nimejiogopa mwenyewe."

Maneno hayo yalimuuma Chiriku kuliko fimbo yoyote. Alipiga magoti. "Nisamehe, Bibi."

Mwalimu alimwambia kesho hataimba. Chiriku hakubisha. Aliingia chumbani akatoka na joho lake mwenyewe, akamvalisha Pengo. Lilimfika chini na kubaki. Bibi akatafuta sindano, wakalipunguza pindo wote wawili.

Jumapili Chiriku alikaa benchi la nyuma. Binti wa kinyozi alimwona akiingia. "We, si ulisema unakujaga kuimba tu? Leo huimbi, umefuata nini?"

Chiriku alitaka kucheka kama siku zote. Hakucheka. "Nimekuja kusali," alisema.

Pengo aliposimama, joho lilikuwa linatikisika toka mabegani mpaka chini. Chiriku alifumba macho. "Bwana, huyu Pengo. Anaogopa, nami ndiye niliyemwongezea woga. Magoti yake uyashike." Hakufika amina. Alikuwa bado anaomba wakati sauti ndogo, yenye upepo kwenye pengo, ilipopanda na kulijaza kanisa.

Ijumaa iliyofuata mkaa uliwashwa tena. Kazi ilibaki kwa Bibi, na Mama Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuomba radhi. Bibi alimwita Chiriku mezani.

"Mtu akificha kosa, huwa anamwahidi Mungu kitu. Wewe siku ile ulimwahidi nini?"

"Nitasoma sura zenye majina magumu."

Bibi alicheka mpaka miwani ikateleza. "Soma, zitakufaa. Ila yeye alikuwa anasubiri maneno mawili tu, 'ni mimi'. Mjukuu wangu, imani ya kusali huku unavua viatu haichoshi, na kwa sababu haichoshi, siku ya shida haina nguvu. Mpe Mungu Ijumaa yako pia, na ulimi wako, na kazi yako hata kama hakuna anayekuona. Hapo ndipo utakuwa wake kweli."

Akamwekea pasi mkononi, na mkono wake wenye makunyanzi akauweka juu.

"Hili la nani?"

"La Pengo."

"Basi anza. Na usiharakishe."